Hundi Tano Tupu

Mratibu wa shirika letu la kulipia watoto karo alinikuta dukani nikikata kitambaa cha sketi. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, na kila mwenye duka la sare mjini Nakuru anaijua wiki hiyo: wazazi wamejaa mpaka barazani, mtoto mmoja analia kwa sababu sweta inambana shingoni, na fundi wa cherehani ya pili hajafika. Akatoa kitabu cha hundi kwenye bahasha ya kaki, akakilaza juu ya kitambaa. "Mama, nitilie tu sahihi hizi tano, nisije kukusumbua tena wiki ijayo." Hundi hazikuwa na jina la mlipwaji wala kiasi. Nilikuwa na chaki mkononi. Nikaiweka, nikachukua kalamu, nikatia sahihi zote tano, kisha nikarudi kwenye marinda yangu.

Ukutani, juu kidogo ya pale niliposimama, pana kibao nilichochorewa mwaka niliofungua duka: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nimekisoma kila asubuhi kwa miaka mingi. Siku hiyo sikukitazama.

Hiyo ilikuwa Aprili 2022, na nilikuwa mwaka wangu wa tatu kwenye bodi ya shirika dogo linalowalipia watoto karo. Juzi jirani yangu ameombwa ajiunge na bodi kama hiyo, akaniuliza kama ni kazi nzito. Nilimjibu kwa maneno mawili matatu, halafu usiku usingizi ukaniruka. Jibu la kweli ni refu, nami nimeamua kuliandika.

Niseme mapema kwamba hakuna aliyeiba. Watu wakisikia shirika limekwama hukimbilia kuuliza nani kala pesa. Kwetu hakuna aliyekula. Tulikuwa watu saba wenye nia njema, na watoto bado walirudishwa nyumbani.

Mwalimu, mwanzilishi wa shirika letu, alinifundisha darasa la tano. Alipostaafu ualimu mkuu alianza kuwalipia karo vijana wawili wa Rhonda kutoka kwenye pensheni yake. Jirani akaongeza wa tatu, marafiki zake wa zamani walioko Uingereza wakaongeza wengine, na kufikia 2019 walikuwa watoto 38 kutoka Kaptembwo, Rhonda na Bondeni. Aliponijia mwaka huo hakuniuliza ninajua kazi gani. Aliniambia, "Binti yangu, wewe una moyo. Njoo utusaidie kwenye bodi." Ningemkataliaje mtu aliyenifundisha kugawanya kwa njia ndefu?

Nilichukulia ile nafasi kuwa heshima niliyopewa, sikuona kama ni kazi niliyoajiriwa bila mshahara. Sikuomba katiba ya shirika. Sikuuliza hesabu za mwaka uliopita zilikaguliwa na nani. Sikusoma hata ukurasa mmoja wa kumbukumbu za mikutano iliyotangulia, na baadaye nilikuja kujua kwamba kwa mikutano mingi hazikuwepo. Kama umeombwa leo, kabla hujasema ndiyo, omba vitu hivi: katiba, cheti cha usajili, hesabu za mwaka uliopita, taarifa ya benki ya miezi mitatu, na kumbukumbu za mikutano miwili ya mwisho. Ukiambiwa vitatafutwa, subiri vitafutwe. Mtu anayekupenda hatakasirika kwa sababu umetaka kujua unaingia wapi.

Mikutano yetu ilikuwa ya kupendeza. Tulikutana Jumamosi kwenye chumba kimoja tulichokodi Langa Langa, tukaanza kwa sala, chai na mandazi vikapita, mtoto mmoja akatusomea barua ya shukrani, akina mama tukafuta machozi. Kisha Mwalimu angesimama kutoa habari ya fedha kwa mdomo: pesa zipo, wafadhili wanasalimia, palipopungua Mungu atafungua njia. Mwenyekiti, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, angeuliza kama kuna swali. Tungetazamana. Kumuuliza Mwalimu habari za pesa mbele ya watu kungekuwa kama kumwambia mzazi wako akuonyeshe mifuko yake.

Haya hiyo ndiyo iliyotuponza, nami nilikuwa nayo kuliko wote, kwa kuwa ndiye pekee niliyekuwa mfanyabiashara. Dukani kwangu nilijua nimebakiwa na mita ngapi za kitambaa. Kwenye bodi sikujua tuna shilingi ngapi.

Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Wafadhili walikuwa wametuma Januari fedha za mihula yote mitatu, kama kawaida yao. Muhula wa kwanza ulikuwa umelipwa. Fedha za mihula miwili zikabaki benki. Nao wazazi wa watoto wetu ni watu wa kibarua: wanaofua nguo Milimani, wanaobeba mizigo sokoni, wanaouza mboga jioni. Kazi zilikatika. Mwezi Mei Mwalimu alitupigia simu mmoja mmoja, akatuambia kuna nyumba zinalala bila kula. Sote tukasema nunua unga. Nami nilikwenda Kaptembwo nikiwa nimevaa barakoa, tukagawa unga, mafuta ya kupikia na sabuni, na mpaka leo sijutii hata pakiti moja.

Ninachojutia ni kwamba hakuna aliyeandika. Hatukufanya mkutano, hata wa simu. Hatukuwaambia wafadhili kwamba karo yao imekuwa unga. Wala hakuna aliyetamka kwamba ile mihula miwili haijafutwa, imeahirishwa tu, na siku moja italipishwa.

Ikalipishwa kwa haraka. Mnaokumbuka kalenda ya shule ya wakati ule mnajua. Januari 2021 watoto walirudi kumalizia muhula wa pili wa 2020, Mei wakaanza wa tatu, na mwishoni mwa Julai mwaka wa masomo wa 2021 ukaanza. Muhula wa pili wa mwaka huo ukaanza Oktoba, wa tatu Januari 2022, kisha Aprili 25 ukaanza mwaka mwingine mpya. Kutoka Januari 2021 hadi Novemba 2022 kulikuwa na mihula minane ndani ya miezi 23. Kwa kawaida ingekuwa sita. Serikali ilipunguza karo kidogo, shule za bweni za kitaifa zikatoka 53,554 hadi 45,054, na zile za daraja linalofuata kutoka 40,535 hadi 35,035. Lakini wafadhili wetu walihesabu kwa kalenda ya ukutani: mwaka mmoja, mihula mitatu, tuma Januari. Ile mihula miwili ya ziada ndiyo tuliyoinunulia unga.

Mtu yeyote mwenye penseli angeliona hilo Januari 2021. Bodi ya watu saba haikuliona. Mwalimu aliliona, peke yake, akaona aibu kutusumbua. Akaanza kuchota kwenye fedha ambazo wafadhili walikuwa wametuma kwa ajili ya maktaba.

Nililijua hilo kwa njia mbaya. Wiki mbili au tatu baada ya zile hundi tano, asubuhi moja kijana wa kidato cha tatu aliingia dukani na sanduku lake la bati. Nilimjua kuanzia mabegani. Nilimpima sare akiwa kidato cha kwanza, nikamwachia pindo la inchi tatu kwenye suruali ili aendelee nayo, na sasa pindo lote lilikuwa limeshafumuliwa na suruali bado ilikuwa juu ya kifundo cha mguu. Alisimama kando akingoja mteja atoke. "Mama, nimetumwa karo." Akanipa karatasi ya shule. Deni lilikuwa la mihula miwili.

Nilimwambia pengine shule imekosea, kwa sababu nilikuwa nimetia sahihi. Kisha nikajiuliza: nilitia sahihi nini? Sikuweza kujibu. Sikujua hata moja kati ya zile hundi ilikwenda kwa nani.

Kesho yake mama yake akaja. Hakuja kulalamika. Alikuja na kuku kwenye kikapu, akakaa kwenye stuli, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, kama kuna kosa mwanangu amefanya, au mimi nimefanya, tuambieni. Tutaomba msamaha." Alikuwa amekesha usiku kucha akitafuta dhambi yake. Nikamrudishia kuku, tukavutana kwanza. Katika mambo yote niliyopitia kwenye kazi hii, hilo ndilo linalonirudia.

Nikiwa mtia sahihi nilikuwa na haki ya kuomba taarifa ya benki. Nikaenda, nikalipa ada ya kurasa, nikarudi nyumbani nikakaa mezani na rula na kalamu nyekundu mpaka saa tano usiku. Zile hundi tano zikajitokeza: mbili zililipa karo katika shule nyingine, moja kodi ya ofisi, moja mshahara, na ya tano ilitolewa taslimu, shilingi 38,000, bila maelezo. Fedha za maktaba, karibu shilingi laki tano zilizotumwa kwa vitabu na rafu, hazikuwepo.

Hapo nikafanya kosa langu la pili, na lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Nilipiga picha zile kurasa, na alama zangu nyekundu, nikazituma usiku ule ule kwenye kikundi cha WhatsApp cha bodi. Nikaandika: "Naomba maelezo."

Kufikia asubuhi wajumbe wawili walikuwa wamejitoa kwenye bodi. Mwenyekiti aliandika kwamba hakuwahi kufikiri binti wa Mwalimu atamvua nguo hadharani. Mwalimu mwenyewe hakuandika kitu. Mke wake alinipigia simu kuniambia hajala.

Swali langu lilikuwa la haki, lakini nililiuliza mahali pasipo pake. Kama una wasiwasi na fedha, mwone mwenyekiti kwanza, uso kwa uso, na karatasi mkononi. Mwombe aitishe mkutano kwa maandishi, ajenda iseme wazi "taarifa ya benki", na mhusika apewe siku za kutosha kuandaa stakabadhi zake. Mwenyekiti akikataa, soma katiba. Yetu ilisema wajumbe watatu wakiandika pamoja mkutano lazima uitwe. Niliisoma mara ya kwanza wiki hiyo.

Jumapili nikaenda kwa Mwalimu, Lanet. Nilimkuta chini ya mparachichi. "Shikamoo, Mwalimu." Akakawia, kisha akaitika, "Marahaba." Tukanyamaza mpaka chai ikaletwa. Ndipo akaingia ndani akatoka na boksi la viatu. Ndani mlikuwa na stakabadhi zote, zimefungwa kwa raba, kila muhula na raba yake. Zile 38,000 zilikuwa nauli na vitu vya matumizi vya watoto kumi na mmoja walioripoti bweni siku moja. Kila mzazi alikuwa ameweka sahihi kwenye daftari la shule, na mmoja kidole gumba.

"Ulitaka watoto wasimame langoni," akaniuliza, "ili mimi nilinde vitabu vya maktaba isiyojengwa?"

Nilifikiri njia nzima nikirudi, na bado nafikiri. Kuhusu watoto alikuwa na haki. Ningekuwa mimi, pengine ningefanya hivyo hivyo. Lakini fedha iliyotolewa kwa kazi maalumu ni amana, na mwenye uwezo wa kuibadilisha matumizi ni aliyeitoa. Barua moja kwa wafadhili, mapema 2021, ikieleza ile mihula minane, ingetosha. Hatukuiandika kwa sababu Mwalimu hakutuambia, na hakutuambia kwa sababu hatukuwahi kumuuliza. Mzee wa miaka sabini na kitu aliubeba mzigo wa watu saba peke yake, na sisi tulikuja Jumamosi kunywa chai.

Tulipowaandikia hatimaye, kurasa nne, tukiambatisha nakala za stakabadhi, wengine walielewa na wakasema afadhali mngetuambia. Wengine wakasimamisha misaada mpaka hesabu zikaguliwe. Watoto tisa ikabidi watoke bweni waingie shule za kutwa. Huko serikali ilikuwa imetenga shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, lakini chakula cha mchana na sare ni juu ya mzazi. Sita walimaliza. Wawili wa kike na mmoja wa kiume hawakumaliza. Hao nawahesabu kila mara.

Mkaguzi wa hesabu alikuwa binti mdogo, makini, mwenye maneno machache. Kazi yake ilitugharimu shilingi 70,000, na kwa kuwa shirika halikuwa na kitu tulichanga. Mimi nilitoa 15,000. Siku ya tatu alinijia dukani na faili. "Mama, sare za watoto zilinunuliwa wapi?"

Nikamwambia kwa furaha kabisa: hapa kwangu. Niliwapunguzia bei, na sweta za watoto wanne sikulipisha hata senti. Niliichukulia kuwa sadaka yangu. Akageuza kurasa. Ankara zangu kwa miaka mitatu zilifika shilingi 312,000. Hakukuwa na bei kutoka duka lingine lolote. Hakukuwa na kumbukumbu ya mkutano ambapo bodi iliamua kununua kwangu. Na baadhi ya hundi zilizonilipa zilikuwa na sahihi yangu mwenyewe.

Uso ulinipata moto. Nikaanza kueleza bei ya kitambaa. Akaningojea nikamaliza, akasema, "Mama, sisemi umeiba. Ninauliza nani aliamua."

Nani aliamua. Tangu siku hiyo swali hilo silitoi kichwani. Ndugu yangu mwenye duka, mwenye gari la kukodisha, mwenye nyumba ya kupangisha, mwenye binti anayetafuta kazi: ukiwa kwenye bodi na jambo lako likaletwa mezani, sema mara moja kwamba lina maslahi yako, iandikwe, kisha utoke nje ya chumba wenzako waamue. Walete bei za watu watatu. Wakikuchagua, basi wamekuchagua kwa macho wazi. Mimi niliamua kuacha kabisa kuliuzia shirika, na niliumia, kwa kuwa nilikuwa nikiwapenda wale watoto kwa mikono yangu. Sasa sare zinashonwa Bondeni na fundi nisiyemjua vizuri. Marinda yake ni mazuri.

Mkaguzi aligundua pia kwamba kodi ya mshahara wa mratibu, PAYE, ilikuwa haijawasilishwa kwa miezi kumi na minne. Alikatwa kila mwezi kwenye karatasi, lakini fedha hazikutoka kwenda KRA, mamlaka ya mapato. Inatakiwa ifike kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na faini ya kuchelewesha ritani yake ni asilimia 25 ya kodi au shilingi 10,000, lile lililo kubwa. Kwa mshahara mdogo kama wake, kodi yenyewe ilikuwa ndogo na faini ilikuwa mlima. Tuliponea kwenye msamaha wa Sheria ya Fedha ya 2023: waliolipa kodi yote ya msingi ya mpaka mwisho wa 2022 kufikia Juni 30, 2024 waliondolewa faini na riba. Tulilipa ya msingi kwa awamu, ya mwisho Februari. Msitegemee msamaha, huja serikali ikitaka. Kila mkutano ulizeni kwa sauti: PAYE, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na bima ya afya vimelipwa mwezi gani, na risiti iko wapi?

Ripoti za kila mwaka kwa msimamizi wa mashirika nazo zilikuwa zimelala miaka miwili. Kumaliza hilo kulitaka barua, fomu na subira. Nayo Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013, ilianza kutumika Mei 2024 badala ya ile ya 1990 tuliyosajiliwa nayo, kwa hiyo mtu mmoja kwenye bodi lazima apewe kazi ya kufuatilia usajili, jina lake liandikwe, siyo "tutaangalia".

Kuna jambo lingine ambalo halikuwa la fedha. Katika barua ya zamani kwa wafadhili kulikuwa na picha ya binti mmoja wa Kaptembwo, jina lake, na habari za ugonjwa wa mama yake. Mtu aliiweka Facebook, wenzake shuleni wakaiona. Binti huyo aliacha kuja kwenye mikusanyiko yetu, nasi tukadhani amejaa kiburi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa habari za mtoto, lakini hata kama isingekuwepo, tulipaswa kuuliza. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinisikiliza akiwa ameinama, akasema, "Sawa, Auntie." Sijui kama ilikuwa sawa. Sasa tunatuma matokeo bila majina, na picha za migongo na madawati.

Kujenga upya kulichukua karibu miaka miwili. Mwenyekiti tuliyekosana alirudi. Nilimwendea kwake, nikakiri kosa la WhatsApp, naye akakiri kwamba hakuwahi kuiona taarifa ya benki. Mwalimu aliacha shughuli za kila siku, akawa mlezi wa shirika. Alilia siku hiyo, nasi pia. Nawashauri msiwatupe waanzilishi, na msiwaachie kila kitu. Watafutieni kiti chenye heshima mbali na kitabu cha hundi.

Tulipata mweka hazina anayefanya kazi kwenye sacco, mtu asiyefundishwa na Mwalimu wala kuwa na undugu na yeyote kati yetu. Yeye ndiye aliyetutengenezea ukurasa mmoja ambao kila mjumbe huupata siku saba kabla ya mkutano. Juu kabisa kuna tarehe za mihula kama zilivyotolewa na Wizara ya Elimu. Chini yake: tulianza na kiasi gani, kimeingia nini, kimetoka nini, kimebaki nini. Kisha safu mbili ambazo zingetuokoa zamani: katika kilichobaki, ni kiasi gani kina kazi yake maalumu, na ni karo kiasi gani tumeahidi ambayo haijalipwa. Mara ya kwanza nilipouona nilikaa nao kimya kwa muda. Yote yaliyotupata yangeonekana pale kwa dakika tano.

Karo sasa huenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na risiti inarudi ikiwa na nambari ya usajili ya mtoto. Fedha za miradi zina akaunti yake. Kubadilisha watia sahihi kulituchukua wiki kadhaa, kwa sababu benki ilitaka kumbukumbu za mkutano zenye uamuzi, na sisi tulikuwa tumeandika "tulizungumzia benki". Andikeni nani ametoka, nani ameingia, nambari zao za kitambulisho, na wajumbe wangapi walikubali.

Kuhusu muda, niwe mkweli. Jirani yangu aliambiwa ni Jumamosi nne kwa mwaka. Mwaka ule wa ukaguzi mimi nilitoa siku mbili kila wiki, nikapoteza oda ya shule nzima kwa kuchelewesha sweta, na nyumbani tukazozana. Mwaka wa kawaida hesabu siku moja na nusu kila mwezi, pamoja na kusoma. Hakuna posho. Nauli tunarudishiana, kwa sababu tulitaka watu wasio na magari waweze kukaa mezani, na hilo nalo liliamuliwa na kuandikwa.

Walioweza kukaa mezani kwa ajili ya hilo ni wazazi wawili. Zamani hatukuwahi kuwafikiria. Walikuwa watu wa kuletewa. Mmoja wao ni yule mama wa kuku. Mwanawe alimaliza kidato cha nne, na sasa anasomea umeme kwenye chuo cha ufundi. Nilipomwomba alisema hajui Kiingereza cha mikutano. Nikamwambia mikutano yetu ni ya Kiswahili, na ukurasa ni mmoja.

Mkutano wake wa kwanza alikuja mapema, akaketi karibu na mlango, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, ukurasa umekunjwa mara nne ndani ya kitabu cha nyimbo. Mweka hazina alisoma mpaka mwisho. Mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Mwalimu alikuwepo, kwenye kiti chake cha mlezi, na ile kimya ya zamani ikaanza kutuingia. Mama akakunjua karatasi yake, akaweka kidole kwenye mstari wa sita.

"Samahani, Mwalimu, samahani, mwenyekiti," akasema. "Hapa pameandikwa gharama za utawala, elfu kumi na mbili. Utawala ni nini, na nani aliamua?"

Mwalimu akavaa miwani yake na kuinama kuutafuta mstari wa sita.